Nakala ya Akiba Inayoziba Laini Haidumu

Katika maduka mengi ya Landless, mtaa wa Thika ulio upande wa barabara ya Garissa, nakala ya pekee ya hesabu za biashara hukaa kwenye flashi. Flashi hiyo huwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile inayotakiwa kuikingia hasara, au imelala kwenye droo ya pesa chini ya meza hiyohiyo. Iwe hadiwea, agroveti, kemia, shule ya kibinafsi au ofisi ya wakala wa nyumba za kupanga, mtindo ni mmoja. Mwizi akivunja usiku huondoka na vyote viwili. Moto ukizuka huviteketeza pamoja. Na kirusi kinachofunga faili ili kudai kikombozi hakitofautishi diski ya kompyuta na flashi iliyochomekwa ubavuni.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Daftari lenyewe likipotea je? Mwenye hadiwea hajui tena ni fundi yupi aliyechukua mabati na saruji kwa deni. Wakala hawezi kusema ni mpangaji gani amelipa kodi ya mwezi na ni nani anayedanganya. Shule huanza kubishana na wazazi kuhusu karo ambayo wazazi wanaapa waliilipa Januari, na mara nyingi mzazi aliyetupa risiti ndiye hulipa mara mbili. Hasara ya diski moja huishia kwenye sufuria za watu ambao hawajawahi kuigusa kompyuta hiyo.

Dawa ya jambo hili imejulikana kwa miongo kadhaa: nakala ihifadhiwe mbali na duka, ijipeleke bila kusubiri mtu, na isafiri ikiwa imefungwa ili asiyehusika asiisome. Kuna sharti la nne ambalo mafundi wengi huliweka mwisho au kulisahau kabisa, ilhali ndilo linaloamua kama hayo matatu yataishi: nakala isile laini ya intaneti. Mpango usio na kikomo cha kasi hulemaza mtandao wa duka, mwenye duka huuzima, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka kuuwasha tena. Kikomo cha kasi ndicho kinachopaswa kupangwa kwanza.

Mkono husahau

Nakala inayotegemea mkono wa mtu ina kasoro isiyotibika. Karani huambiwa anakili faili kila Jumamosi jioni. Wiki za kwanza hufanya hivyo. Kisha huja mwisho wa mwezi, huja foleni ya wateja, huja matanga mashambani, na Jumamosi moja ikirukwa, ya pili hurukwa kwa urahisi zaidi. Kumwita karani mzembe ni kumwonea. Kazi isiyoleta mteja wala shilingi, ambayo matunda yake huonekana siku ya balaa tu, haiwezi kushindana na mtu aliyesimama mbele ya kaunta akitaka misumari.

Mifumo ya Unix imekuwa na programu iitwayo cron tangu miaka ya 1970. Kazi yake ni kuamsha amri saa iliyopangwa, usiku baada ya usiku, bila kukumbushwa. Windows ina kipanga kazi chake, na hakuna anayelipishwa zaidi kwa kukitumia. Mstari mmoja wa maagizo unatosha, ila una mitego inayowanasa hasa watu wa Afrika Mashariki. Mwenye duka akisema nakala ichukuliwe saa nane usiku, fundi anatakiwa kuandika 2. Akiandika 8, kazi itaanza saa mbili asubuhi, duka linapofunguliwa. Seva za kukodi nazo mara nyingi hufuata saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu: kilichoandikwa 2 huko huanza saa kumi na moja alfajiri huku, na huenda bado kinaendelea wateja wa kwanza wakiingia.

Mtego mwingine ni stima. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mtaani giza la namna hiyo halisubiri gridi ya taifa kuanguka. Transfoma moja inatosha. Kompyuta iliyokuwa imezimika saa nane usiku haijui kwamba ilikuwa na kazi saa hiyo, na cron ya kawaida hairudii lililopita. Mpango mzuri hutumia anacron, au kipima saa cha systemd kilichoagizwa kukumbuka zamu iliyokosekana, ili kazi ifanyike mara tu mashine inapowaka. Hapo kikomo cha kasi huonyesha thamani yake mapema, kwa sababu zamu iliyokosekana usiku itafanyika mchana, wateja wakiwa ndani. Programu ndogo kama flock huongezwa ili zamu ya pili isianze kabla ya kwanza kuisha. Bila hiyo, zamu mbili hugombania laini moja na zote huchelewa.

Nani amemaliza mtandao?

Laini ya intaneti ina njia mbili, ya kushusha na ya kupakia. Watu wengi hushusha: video, kurasa, nyimbo. Kwa hiyo huduma nyingi, hasa za simu, huwa na njia finyu zaidi ya kupakia, na nakala ya akiba ni mzigo wa kupakia mtupu. Programu ikiachiwa itaijaza njia hiyo pomoni, na ruta itaanza kuzipanga data kwenye foleni ndefu. Linalofuata huwashangaza wengi: hata kushusha hukwama. Kila ukurasa unaoshushwa hudai majibu madogo ya kuthibitisha kwamba umepokelewa, na majibu hayo yamekwama nyuma ya mamia ya picha za bidhaa zinazoelekea kwenye seva. Ni sawa na mpangaji wa chini kwenye ploti kufungua mfereji wote. Wa ghorofa ya nne hugeuza wake akasikia upepo tu.

Dukani mambo hujiri hivi. Ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kodi, haitoki. Mteja anangoja risiti, karani anaizima ruta na kuiwasha, na mwishowe mtu anagundua kwamba ni ile kitu ya fundi inayokula mtandao. Inazimwa. Nani atamlaumu aliyeizima? Katika majengo mengi ya kupanga, Landless hata Ruiru, laini moja hugawiwa wapangaji wengi na mtoa huduma mdogo wa mtaani kupitia ruta iliyofungwa kwenye ngazi. Duka la chini likipakia bila kikomo, anayeumia pia ni mwanafunzi wa ghorofa ya tatu anayefuatilia somo la chuo kwenye simu. Kitu cha pamoja kina adabu yake.

Programu za kunakili zimekuwa na dawa ya hili kwa muda mrefu. Rsync ina chaguo liitwalo bwlimit, restic ina limit-upload, na rclone hukubali hata ratiba: kasi ndogo kuanzia asubuhi, kubwa zaidi jioni, bila kikomo usiku wa manane. Kinachokosekana ni hesabu, na hesabu yenyewe ina mtego wa vipimo. Kampuni za mtandao huuza megabiti, programu za kunakili huhesabu kilobaiti, na baiti moja ni biti nane. Fundi aliyeambiwa kwamba laini hupakia megabiti 5 kwa sekunde, akaandika bwlimit=5000, ameweka kikomo kilicho karibu mara nane ya uwezo wa laini. Yaani hajaweka kitu. Laini hiyo hupitisha takriban kilobaiti 600 kwa sekunde. Kikomo cha 400 kinawaachia wengine karibu theluthi moja, na katika saa nane za usiku kinapitisha zaidi kidogo ya GB 11. Mchana, kilobaiti 50 zinatosha kusogeza mambo bila mtu kuhisi.

Kwa anayetumia bando ya simu, hesabu ni nyingine. Kikomo cha kasi hakimwokolei hata megabaiti moja. Humcheleweshea matumizi tu. Hata vifurushi vya nyumbani vinavyouzwa kwa jina la kutokuwa na kikomo mara nyingi huwa na sera ya matumizi ya haki, na mteja akipita kiasi fulani kwa mwezi hupunguziwa kasi. Huyu anapaswa kuuliza kwanza ni nini hasa kinachosafiri.

Haba na haba

Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync nchini Australia, wakilenga laini zilizo nyembamba na za polepole. Wazo lake linafaa kuelezwa, maana ndilo linaloifanya nakala ya mbali iwezekane kwa mtu wa kipato cha kawaida. Mashine inayopokea huikata nakala yake ya zamani vipande vipande, kisha hupiga hesabu mbili juu ya kila kipande: moja nyepesi na ya haraka, nyingine nzito isiyodanganyika kwa urahisi. Matokeo ya hesabu hizo, ambayo ni madogo sana kuliko faili lenyewe, hutumwa kwa mashine ya duka. Mashine ya duka hulipitia faili jipya baiti kwa baiti ikitafuta vipande vinavyolingana. Vinavyolingana havitumwi. Kinachosafiri ni tofauti peke yake.

Chukua hadiwea yenye GB 200 za hesabu, picha za bidhaa na mikataba. Ikiwa kwa siku moja kilichobadilika ni MB 300, basi kwa kilobaiti 400 kwa sekunde kazi ya usiku itachukua dakika 13 hivi. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenye duka hatajua kwamba kuna kilichopita.

Hata hivyo, werevu huu huharibiwa kwa urahisi na fundi mwenye nia njema. Akibana folda nzima kuwa faili moja, kisha akalifunga kwa neno la siri kabla ya kulituma, rsync haina tena cha kulinganisha. Badiliko la herufi moja ndani ya kifurushi kilichofungwa hivyo huweza kubadilisha karibu kila kinachofuata, na GB 200 zote huonekana mpya kila usiku. Hapa ndipo Borg na restic huzidi. Programu hizi hukata data vipande kwanza, huacha vile ambavyo tayari vimehifadhiwa, hubana vilivyobaki, na kufunga kila kipande kwa siri mwisho kabisa. Mpangilio huo ndio siri yake: anayefunga kabla ya kuchambua hulipa bando mara mia. Picha za simu, kwa upande mwingine, tayari zimebanwa, na kuzibana tena ni kuisumbua kompyuta bure.

Hifadhidata ya programu ya mauzo nayo haifai kunakiliwa ikiwa wazi. Faili likisomwa huku karani anaendelea kuuza, nakala hupata mwanzo wa saa nne na mwisho wa saa nne na dakika kumi, na siku ya kulifungua linagoma. Hifadhidata iagizwe kwanza itoe picha yake kamili kwa amri yake yenyewe, kisha picha hiyo ndiyo inakiliwe.

Shehena ya kwanza ipande matatu

Tatizo la usiku wa kwanza halitatuliwi na ujanja wowote wa kulinganisha, kwa sababu upande wa pili ni mtupu. GB 200 kwa GB 11 kila usiku ni majuma mawili na nusu, na hapo stima haijapotea hata mara moja. Ni katika majuma hayo ambapo mipango mingi hufia njiani.

Njia ya haraka zaidi ni barabara. Diski ya nje hujazwa dukani kwa waya, data ikiwa imefungwa kwa siri, kisha hupakiwa kwenye begi na kupanda matatu hadi Ruiru au Nairobi. Safari ya Thika hadi Ruiru kwenye barabara kuu, hata yenye foleni, hushinda laini ya megabiti 5 kwa mbali mno. Ikifika, diski huchomekwa kwenye mashine inayopokea, na kuanzia usiku huo laini hubeba mabadiliko tu. Sharti la kufunga kwa siri kabla ya safari halina mjadala. Begi huibwa stendi kila siku.

Ufunguo wa mlango mmoja

Kujiendesha kuna gharama ya kiusalama. Mashine inayoamka saa nane usiku haina mtu wa kuiandikia neno la siri, hivyo ni lazima iwe na ufunguo wake. Itifaki ya SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995 na ambayo leo hutumika zaidi kupitia OpenSSH, hutumia jozi ya funguo: wa siri unabaki dukani, wa umma unawekwa kwenye mashine ya mbali. Njia nzima husimbwa, kwa hiyo anayechungulia kwenye waifai ya mtaa huona takataka.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuupa ufunguo huo mamlaka yote. Kwa kuwa hauna neno la siri, aliyeiba kompyuta ya duka ameuiba pia. Ukiweza kufungua seva nzima, mwizi anaweza kuifuta nakala kutoka kwenye kompyuta aliyoiba. OpenSSH huruhusu kila ufunguo kufungiwa amri moja tu, bila uwezo wa kufanya jingine lolote. Mstari mmoja kwenye faili la funguo za upande wa mbali hutosha. Ni jambo la kusikitisha kwamba mstari huo haupo kwenye mitambo mingi, ingawa haugharimu kitu.

Njia iliyo imara zaidi ni kugeuza mwelekeo: mashine ya mbali ije kuchukua, badala ya duka kupeleka. Hapo kompyuta ya duka haina ufunguo wowote wa nakala, na kirusi kilichoivamia hakina pa kwenda. Kikwazo ni kwamba laini nyingi za simu na za nyumbani hazina anwani yake kwenye mtandao; wateja wengi huchangia moja, na haiwezekani kulipigia duka kutoka nje. WireGuard, iliyoingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux mwaka 2020, hutatua hilo kwa kuzifanya mashine zote mbili zianzishe mawasiliano kuelekea seva ndogo ya kukodi, kisha zikutane hapo ndani ya handaki lililosimbwa.

Neno la siri la kufungulia nakala ni suala jingine kabisa. Restic na Borg hazina mlango wa nyuma, na likipotea hakuna fundi wa Thika wala wa California atakayesaidia. Liandikwe kwenye karatasi, liwekwe kwenye bahasha mbili katika nyumba mbili tofauti, na mke, mume au mweka hazina ajue bahasha ilipo. Biashara ngapi zimekufa na mwenyewe kwa sababu siri zote zilikuwa kichwani mwake?

Kufuta nako hunakiliwa

Nakala inayofuata duka hatua kwa hatua hufuata pia makosa yake. Karani akifuta folda ya Machi kwa bahati mbaya saa kumi jioni, kazi ya saa nane usiku itaifuta na kule mbali, kwa utiifu mkamilifu, ikiwa fundi ameiagiza rsync kufuta kilichofutwa. Kirusi cha kikombozi kikifunga faili zote leo, usiku nakala nayo huanza kufungwa. Tena usiku huo laini hubeba mzigo wote, kwa kuwa kila faili limebadilika. Hii ni faida isiyotarajiwa ya kikomo: kazi iliyozoea dakika 13 ikifika alfajiri haijaisha, hiyo ni kengele. Anayesoma taarifa zake hupata nafasi ya kuizima kabla haijamaliza.

Kinga ya kweli ni kuhifadhi siku nyingi zilizopita. Rsync inaweza kuunda folda ya kila siku ambamo faili lisilobadilika halichukui nafasi mpya, ila linaelekezwa kwenye lile la jana. Borg na restic hufanya hivyo kwa asili yake. Siku 30 za karibuni na mwisho wa kila mwezi kwa miaka kadhaa ni utaratibu wa kutosha kwa duka. Kenya ina sheria inayopendekeza kipimo: Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 humtaka mlipakodi kuhifadhi rekodi zake kwa miaka mitano. Afisa wa kodi hapokei kisa cha flashi iliyoharibika kuwa hesabu.

Ruiru, Nairobi au ng'ambo

Nakala ikae umbali gani? Mbali kiasi cha kutoguswa na moto, wizi au mafuriko ya duka. Nyumba ya ndugu Ruiru inatosha kwa wengi. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi pamoja na diski yake, hata ikila wati 15 mchana na usiku, hutumia yuniti 11 hivi za stima kwa mwezi. Wenye pesa wanaweza kukodi nafasi kwenye seva, lakini waulize imekaa wapi. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na miongoni mwa wateja walioumia ni wale ambao nakala zao zilikuwa palepale.

Nakala ya ndani ya nchi ina faida nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kukokota. Data inayotoka Landless kwenda Ruiru au Nairobi haina haja ya kupita baharini, kwa kuwa kampuni za mtandao za Kenya hukutana kwenye kituo cha mabadilishano cha KIXP kilichopo Nairobi tangu mwanzo wa miaka ya 2000.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huweka masharti kwa anayetoa data za watu nje ya nchi, na kemia yenye majina ya wagonjwa au shule yenye rekodi za watoto imo ndani ya sheria hiyo sawa na benki. Data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, ofisi ya kamishna wa data hutakiwa kujulishwa ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, kiwango kilicho cha chini kati ya hivyo viwili. Sheria hiyohiyo humpunguzia mzigo aliyesimba data zake: halazimiki kumjulisha kila mhusika binafsi. Kusimba, kwa hiyo, ni bima isiyolipiwa.

Siku ya kurejesha

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nakala ya mbali peke yake haifungui duka asubuhi. GB 200 zikishushwa kwa megabiti 10 kwa sekunde huchukua karibu siku mbili, mchana na usiku. Ndiyo maana nakala ya pili ikae karibu, kwenye diski iliyofungiwa chumba kingine na kuchomolewa kazi ikiisha; ya mbali ni ya siku ambayo jengo lenyewe halipo. Hapo diski inaweza kurudi kwa matatu ileile iliyoipeleka. Siku hiyo kikomo cha kasi kiondolewe, na wapangaji wa juu waombwe radhi.

Kurejesha ndiko kusikojaribiwa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi, takriban GB 300. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za akiba. Nakala za kila siku zilikutwa hazipo, kwa kuwa programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata na ilikuwa ikishindwa kimya kimya. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Ikiwa kampuni iliyojaa wahandisi ilinaswa hivyo, hadiwea ya Landless iko wapi?

Kwa hiyo taarifa ya kila asubuhi ije kwenye simu hata mambo yakiwa shwari: ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, ilituma megabaiti ngapi. Taarifa inayokuja siku ya kushindwa peke yake haiaminiki, maana mashine iliyokufa haitumi kitu. Na mara moja kwa mwezi mwenye duka ataje tarehe yoyote ya mwezi uliopita, fundi azirejeshe hesabu za siku hiyo kwenye kompyuta nyingine, zilinganishwe na kitabu cha risiti. Fundi asiyeweza kufanya hivyo asilipwe.